Vidokezo 11 vya kuificha harufu yako mbele ya paa

Unguja ni kisiwa cha watu wanaonukia. Nguo za sikukuu hufukizwa udi juu ya chetezo mpaka moshi uingie kwenye nyuzi, kikuba cha asumini na mrehani hupachikwa kifuani, na ukipanda Kidichi siku karafuu zimeanikwa, harufu hukupokea barabarani kabla hujamfikia mwenyeji. Hilo ni pambo letu, na wala simwambii mtu aliache. Lakini ukitaka kumwona paa nunga, umwone anakula kwa utulivu na si mstari mweupe wa makalioni mwake ukitokomea vichakani, kuna asubuhi moja ambayo inabidi usinukie kitu.

Kidichi na uwindaji ni habari ya zamani. Hamamu ile ya kuba nyeupe wanayoingia watalii ilijengwa mwaka 1850. Sayyid Said bin Sultan aliijenga kwa ajili ya mkewe wa Kiajemi, Bibi Shahrzad, ili wakitoka kuwinda na kutazama mashamba wapate pa kuoga na kupumzika. Salme, binti wa Sayyid Said, katika kumbukumbu zake zilizochapwa kwa Kijerumani mwaka 1886, anaeleza jinsi mama huyo alivyopenda farasi na uwindaji. Wao waliwinda kwanza, wakaoga baadaye. Wewe utaoga kwanza, na hutawinda.

Hutawinda kwa sababu paa nunga analindwa na sheria, na yumo katika orodha ya kimataifa ya wanyama walio hatarini. Kiasili hayupo pengine popote duniani ila hapa Unguja na katika misitu ya pwani ya Kenya kama Boni, Dodori na Arabuko-Sokoke. Wasasi wa kisiwa hiki tangu zamani walitegemea mbwa na nyavu: mbwa wanabweka, paa anatimuliwa, anaingia wavuni. Kwa usasi wa namna hiyo harufu ya mtu haina uzito, kwani paa anatakiwa akimbie. Anayekwenda kutazama ndiye mwenye kazi ngumu. Yeye anataka paa abaki pale pale alipo, na kwa hiyo anahitaji maarifa ambayo msasi wa nyavu hakuyahitaji.

1. Upepo kwanza, sabuni baadaye.

Ukisoma vidokezo vyote hivi ukasahau kumi, usisahau hiki. Hakuna kuoga kutakakokuondolea harufu yote. Ngozi ya binadamu inamwaga chembe zake mchana na usiku, pumzi inatoka kila dakika, na pua ya paa imeumbwa kuyatambua hayo. Ila harufu haiendi inakotaka yenyewe. Inakwenda unakokwenda upepo. Upepo ukitoka kwa paa kuja kwako, utakuwa umekaa karibu naye na yeye hana habari. Ukitoka kwako kwenda kwake, hata uwe umeoga mara saba, ameshaondoka.

Bahati yetu ni kwamba pepo zetu zina miadi. Kuanzia Disemba hadi Machi ni kaskazi, upepo wa kutoka kaskazini mashariki. Masika yakishaingia na kuendelea mpaka kama Oktoba ni kusi, kutoka upande wa kusini. Wavuvi na manahodha wameishi kwa miadi hiyo karne nyingi, na mtazama paa naye aishi kwayo. Wakati wa kaskazi, ingia msituni ukitokea upande wa kusini au magharibi, ili upepo ukupige usoni. Wakati wa kusi, geuza safari yote. Njia uliyoipita Januari ukafanikiwa, Julai ndiyo itakayokuuza.

Tahadhari moja: hiyo ni hali ya upepo ufukweni na uwandani. Ndani ya msitu, na hasa kwenye vichaka vya maweni vilivyosongamana, upepo unavunjika. Unazunguka jiwe, unarudi nyuma, unalala kabisa, kisha unaamka kutoka upande mwingine. Ndiyo maana kuna kidokezo cha pili.

2. Tia usufi mfukoni.

Wawindaji wa kulungu huko Marekani hununua vichupa vya unga mwepesi wa kupulizia hewani. Sisi tuna msufi. Chukua tumba moja lililokauka, lipasue, toa usufi kiasi cha kujaa kiganja, uufunge ndani ya kitambaa. Ukifika msituni, chomoa nyuzi tatu nne kwa ncha za vidole, inua mkono usawa wa uso, achia. Usitazame zinapoanza tu. Zifuate kwa macho mpaka zipotee. Mara nyingi utaziona zinakwenda mbele hatua chache kwa uhakika kabisa, zinasita penye mwanga kati ya miti miwili, kisha zinapanda juu au zinageuka na kurudi ubavuni pako. Njia hiyo uliyoiona ndiyo njia inayopita harufu yako. Rudia kila unapobadilisha mahali, na kila unapohisi ubaridi shingoni.

Ukikosa usufi, jivu la mkaa lililochekechwa na kufungwa kwenye kitambaa chepesi linatosha: ligonge kidogo kwa kidole, litoe vumbi. Poda ya mtoto usiitumie. Inaonesha upepo vizuri sana, lakini inanukia, na utakuwa umempelekea paa barua kwa mkono wako.

3. Jua hewa ya kilimani inavyoshuka na kupanda.

Hiki ni cha wale wanaozunguka upande wetu wa Kidichi, Dole na msitu wa Masingini, ambako ardhi ina miinuko na mabonde. Usiku na alfajiri hewa ya juu hupoa, huwa nzito, hutiririka kuelekea bondeni. Jua likishapanda na ardhi ikapata moto, hewa hupanda. Kwa hiyo alfajiri usikae juu ya mteremko ukitazama bonde, maana harufu yako yote inateremka polepole kumfuata unayemtafuta. Kaa chini, tazama juu. Ikifika saa tatu au saa nne asubuhi, kinyume chake. Milima yetu si mirefu, lakini hewa haihitaji mlima mrefu ili iteremke.

4. Udi, uturi na kikuba vikae mbali mapema.

Usingoje usiku wa kuamkia safari. Manukato yetu ni ya mafuta, na mafuta ya udi, ya miski au ya mlangilangi yanashika ngozi, yanashika nywele, yanashika mkanda wa saa. Ukiacha kujipaka siku mbili tatu kabla, utakuwa umejisaidia kuliko kujisugua asubuhi yenyewe. Nywele ndizo ngumu zaidi, kwa kuwa zinafukizwa na kupakwa mafuta ya nazi kila mara. Zioshe mapema, uzifunge kwa kitambaa ambacho hakijawahi kuingia kwenye kabati la udi. Bi harusi aliye katika siku zake za liwa na dalia, na kila aliyetoka kumsinga, wasubiri wiki nyingine. Msitu haukimbii.

5. Oga kwa kitu kisicho na maua.

Sabuni nyingi za dukani zimetiwa manukato ili zipendeze pua zetu. Tafuta sabuni ya kipande ya kawaida, ile ya kufulia isiyotiwa manukato, na maji mengi. Jasho linapotoka halina harufu kubwa. Ni bakteria wa kwenye ngozi wanaolivunja, na wamejazana makwapani na mapajani, penye joto na unyevu. Hapo ndipo pa kusugua.

Baada ya kuoga, chukua shabu. Wazee wetu waliisugua makwapani kabla ya dawa zote za kupuliza, na kwa kazi hii sijaona kinachoishinda: inawapunguza hao bakteria na yenyewe hainukii. Lowesha kipande, pitisha mara mbili, acha pakauke. Ndimu inafaa kwa kazi hiyo hiyo siku za kawaida, lakini siku ya msitu iache. Inasafisha huku ikitangaza.

6. Nguo zianikwe nje, zifungwe, zivaliwe kule kule.

Fua kwa sabuni hiyo hiyo ya kipande. Usianike ukutani kwa jikoni, usianike karibu na jaa, na ukishaanua usizirudishe kabatini penye udi na vidonge vya kufukuza mende. Zifunge katika mfuko safi pamoja na majani makavu uliyoyaokota karibu na huko unakokwenda. Kisha, na hili wengi hawalifanyi, safiri na nguo nyingine, ubadilishe ukifika. Ndani ya daladala kuna dagaa wa mtu, kuna mafuta ya taa ya mwingine, na kuna jasho la sote. Nguo uliyoifua kwa siku mbili inaweza kuharibika kati ya Darajani na Kitogani.

Huko ng'ambo ziko nguo za wawindaji zilizotiwa mkaa maalumu unaonasa harufu, na zinauzwa ghali. Mkaa wa namna hiyo kweli unanasa harufu. Ndio unaotumika hata katika vichujio vya maji. Lakini ukijaa, haunasi tena. Kwa fedha hizo mimi ningelipa mtembezaji mzuri siku kadhaa.

7. Viatu vya mpira, na petroli usiiguse.

Makubadhi na viatu vya ngozi vinanyonya jasho la mguu na kulipaka ardhini kila hatua. Mpira hauachi mengi. Jaza tangi la vespa siku moja kabla.

8. Mdomo nao una harufu.

Kitunguu thomu kinapita kwenye damu na kutokea kwenye pumzi. Kupiga mswaki hakukiondoi. Jana yake kula wali mtupu na samaki mbichi wa kuchemsha, uache papa mkavu, achari na pilipili. Sigara usiivute kabisa, hata garini. Meno yasafishe kwa mswaki wa mti na maji, si kwa dawa yenye mnanaa. Kahawa chungu ya alfajiri najua ni vigumu kuiacha, basi inywe mapema, usukutue mdomo.

9. Usidanganywe na karafuu.

Hapa pana mabishano, na nitasema ninavyoamini. Wapo wanaodai kwamba ukijisugua majani ya mkarafuu, au ukijipaka mafuta yake, harufu ya mtu inafunikwa. Harufu ya karafuu ni nzito kweli. Kinachonukia ni yujenoli, ambayo ndiyo sehemu kubwa ya mafuta yake, na inadumu kwenye kitambaa siku nyingi. Mtu akiinusa, hanusi kingine. Pua ya paa haifanyi kazi hivyo. Mnyama anayeishi kwa kunusa anazipambanua harufu nyingi kwa wakati mmoja. Atanusa karafuu, na chini yake atakunusa wewe.

Halafu fikiri mahali. Kidichi na Dole karafuu ni hewa ya kila siku, na mnyama wa huku amezaliwa nayo. Paa nunga yuko zaidi upande wa mashariki na kusini, kwenye misitu na vichaka vya maweni: Jozani na Ghuba ya Chwaka, Kiwengwa na Pongwe. Ardhi ya huko ni jiwe la matumbawe, na mkarafuu haustawi juu ya jiwe. Ukitokea huko na harufu ya Kidichi, umeleta kitu kigeni cha pili juu ya ule ugeni wako wa kwanza.

Ukitaka kujifunika kwa chochote, jifunike kwa cha pale pale. Okota majani yaliyooza chini ya mti utakaokaa, yafikiche kwa viganja, jisugue kwenye viatu na magoti. Hayatakuficha. Ila yatapunguza ukali wa mstari kati yako na msitu, na hilo linaweza kukuzidishia dakika moja ya kutazama, ambayo ni nyingi.

10. Kaa. Usitembee.

Anayetembea anaeneza harufu kila anapopita, na anapiga kelele juu yake. Anayekaa ana mkuki mmoja tu wa harufu, mwembamba, unaoelekea upande mmoja. Chagua mti mnene, kaa mgongo ukiuegemea, hakikisha kwamba nyuma yako, huko upepo unakokwenda, hakuna njia ya paa. Paa nunga huamka na mwanga, hula asubuhi, hupumzika joto likizidi, hurudi kula alasiri. Basi uwe umeshakaa kabla ya jua kuchomoza. Kwa kuwa hifadhini huingii bila mtembezaji, panga naye muda huo mapema, na mweleze mapema pia habari za uturi. Wengi wao wanalijua jambo hili kuliko sisi tunaoandika.

Sikiliza kima. Kima punju wakila juu ya miti hudondosha majani, maua na matunda, na paa nunga huwafuata chini yao na kula kinachoanguka. Mimi hili linanifurahisha kila ninapolifikiria: mnyama wa chini anayelishwa na wa juu bila makubaliano. Ukiwasikia kima wanakuja, usiwaendee. Pima upepo, hama hatua chache ikibidi, kaa tena. Atakayetokea ni mnyama mdogo, wa kilo kama kumi hivi, mwekundu wa kutu, miguu yenye madoadoa meupe, pua mbele inapanda na kushuka muda wote.

Suni, ambaye wengi wetu humwita paa tu, ni mdogo zaidi, na yeye mwenyewe ni bingwa wa harufu. Ana tezi kubwa mbele ya macho, na hupaka ute wake kwenye vijiti kuwaambia wenzake kwamba hapa pana mwenyewe. Ukiona kijiti chenye doa jeusi linalonata usawa wa goti, usikishike. Kukishika ni kufuta tangazo la mtu na kuweka lako. Suni wapo hata Chapwani, kisiwa kidogo kilicho mbele ya Mji Mkongwe, ambako ndiko alikotoka yule wa kwanza kuelezwa na wanasayansi katika karne ya 19.

Mbu nao watakuja, maana umekaa. Dawa ya kupaka inanuka mbali sana, kwa hiyo jikinge kwa nguo: mikono mirefu, soksi juu ya suruali, kitambaa shingoni. Lakini ukiwa mjamzito, au ukiwa na mtoto, paka dawa. Paa utamwona siku nyingine.

Na mvua? Manyunyu mepesi ni mazuri, yanaosha hewa na kuzima sauti ya majani. Baada ya mvua kubwa, msitu ukianza kutoa mvuke, harufu hukaa chini na hudumu. Hapo sogea mbali kidogo kuliko kawaida yako.

11. Ukikuta kitanzi, sema.

Mtu wa nyavu na mbwa husikika. Mtega kitanzi hasikiki wala hanuswi. Anafunga waya kwenye njia ya paa, anakwenda zake nyumbani, siku mbili baadaye harufu yake imeshapotea na waya umebaki. Yote niliyoandika hapo juu, upepo, shabu, usufi, subira, paa anaweza kuyashinda kwa pua yake. Kitanzi hawezi kukishinda, kwa sababu chuma cha siku tatu hakimwambii kitu. Paa nunga walipopelekwa Chumbe mwishoni mwa miaka ya 1990, na baadaye Mnemba, ilikuwa ni kuwatafutia mahali pa kuzaana pasipo na msasi wala mtegaji.

Kwa hiyo unapotazama njia ndogo za wanyama, tazama na chini, usawa wa kifundo cha mguu. Ukiona waya au kamba ya nailoni iliyofungwa kwenye kijiti kilichopindwa, mwoneshe mtembezaji hapo hapo. Ukiwa peke yako kando ya shamba, weka alama ya mahali, upeleke habari kituo cha msitu kilicho karibu au kwa sheha siku hiyo hiyo. Usiseme utapeleka kesho.